Papa Isidore Dusabimana na Etang Aliyotaka Ifungwe

Ndugu katika Kristo, wakubwa wa serikali, majirani, sisi watu wa familia tumetumwa tuwasomee maisha ya mpendwa wetu Papa Isidore Dusabimana, na tusidanganyane mbele ya sanduku, Papa alikuwa muoga, na mwenyewe alipenda kusema kwamba kwa muoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, ingawa leo kilio kimefika kwake pia.

Alizaliwa Mushaki tarehe 9 Mei 1967, mutoto wa tatu wa wakulima, akasoma shule ya msingi palepale kuanzia 1973 hadi 1979, kisha akapata diplome ya kilimo Masisi mwaka 1986, ambako wenzake walimucheka sana kwa sababu alikimbia ng'ombe, yeye mutoto wa Mushaki kwenye ng'ombe wengi, ee Bwana!

Mwaka 1991 alipewa kazi ya serikali ya kukagua etang, mabwawa ya kufugia samaki, katika Masisi na Walikale, kupima kuta, kuangalia njia ya kutolea maji, na kufunga etang yoyote yenye hatari kwa watu. Tarehe 12 Agosti 1995 alifunga ndoa na Mama Mukamurenzi, na Mungu akawapa mabinti wawili, Élysée na Astrid.

Tarehe 3 Novemba 2021 alikagua etang moja karibu na Ntoto, iliyochimbwa mulimani juu ya nyumba tisa, ukuta wake ukivuja chini, na mwenye etang ni mukubwa ambaye jina lake familia imekubaliana lisisomwe hapa, na kama watu wake wako katikati yetu, tunawasalimia. Papa aliandika amri huku watu wenye bunduki wamesimama nyuma yake, akakusudia kuandika kwamba mwenye etang anaamriwa kufunga mara moja, akaandika kufuga mara moja, akapiga cachet, muhuri wa serikali, akaondoka mbio bila kusoma tena. Herufi moja, jamani! Mukubwa akaipigilia karatasi kwenye muti, akaongeza maji na samaki, akitangaza kwamba serikali yenyewe njo imemwamuru.

Papa alijua kosa lake tarehe 14, pale muuza samaki alipomupongeza kwa ile amri ya kufuga katika soko la Sake, na mvua ilikuwa ikinyesha kila siku. Alifika nyumbani akakataa chakula, akamwambia bibi yake, "Niko naogopa, Mama Élysée, lakini ile maji haiogope karatasi," na Mama, ambaye alimushika koti asiende, mwisho akamufungia viazi vya njiani.

Alipanda pikipiki mpaka barabara ilipoishia, akatembea siku mbili katika matope, akafika tarehe 17 saa nne asubuhi na karatasi mupya, na watu wa mukubwa wakamupigisha magoti, wakamuuliza ni serikali gani hiyo inayosema fuga leo na funga kesho. Walipomwachilia hakurudi nyumbani, alishuka bondeni, akagonga mulango mumoja mumoja akilia wazi kama mutoto, akiwaambia watu kwamba kosa ni lake na watoke sasa, na wale waliomubishia aliwavuta kwa mukono. Saa tisa alasiri ukuta ulipasuka, maji yakabeba nyumba sita, mbuzi na mihogo yote ya pembeni.

Mukubwa alisema Papa ndiye aliyebomoa ukuta, ujumbe wa vitisho ukaanza kuingia katika simu, familia ikahama nyumba mara tatu pale Sake, na Papa akawa anashituka kila pikipiki ikisimama. Tension, presha ya damu, ilimupanda, akalazwa tarehe 29 Agosti 2022, akafariki Jumapili tarehe 4 Septemba, saa moja asubuhi, mukono wake katika mukono wa Mama Mukamurenzi.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomuhangaikia, majirani waliotuficha bila kuuliza kitu, na wenzake wa kazi, wale waliothubutu kuja na wale waliotuma salamu tu, tunawaelewa, sisi wenyewe tunasoma haya tukiangalia nyuma. Na tunawashukuru watu hamsini na watatu aliowatoa katika bonde lile, ambao wametembea kutoka Ntoto kuja kumuchimbia kaburi, na tumewahesabu, Papa, wako hamsini na watatu, hakuna aliyepungua.

Lala sasa, Papa Isidore, upumzike kwa amani, hakuna atakayekuuliza karatasi tena.