Kitanda Namba Moja

Mwaka 1976, mkabala na lango la hospitali ya misheni, upande wa juu wa mji wa Kibondo, palikuwa na benchi la mninga lililokaliwa na wanaume watatu kila siku ya Mungu. Wa kwanza alikuwa Omary Dadi, muuza kahawa, mzaliwa wa Ujiji, aliyeitwa Birika. Wa pili alikuwa Hamis Kudra, aliyeitwa Dripu, kwa sababu mwaka 1969 alifagia wodi kwa majuma matatu na tangu hapo hakuacha kuwaeleza watu habari za utabibu. Wa tatu alikuwa Kipriani Bazilio, mwalimu wa dini, aliyeitwa Fungu, kwa kuwa hapakuwa na jambo, hata bei ya chumvi, ambalo hakulitafutia fungu lake katika Maandiko. Wote watatu walikuwa wamehudhuria madarasa ya kampeni ya Mtu ni Afya mpaka siku ya mwisho, na kwa hiyo hawakuona tena sababu ya kumsikiliza daktari. Asubuhi moja ya Jumatano alikuwapo pia Pasikali Ndihokubwayo, fundi baiskeli wa Kitahana. Huyu hakuja kubishana. Mkewe, Epifania, alikuwa amelazwa ndani.

Epifania alikuwa mgonjwa wa pumu. Jana yake alasiri alikata pumzi kabisa, muuguzi akamkimbilia na mfuko wa mpira wenye kifuniko cha kuziba pua na mdomo, akawa anaubonyeza na kuuachia mpaka mwanamke akarudi. Pasikali aliletewa habari hizo akiwa papo hapo benchini, kikombe mkononi, kwa kuwa wanaume hawakuwa na kazi yoyote kule ndani. Leo alipoingia kumjulia hali alikuta wamemhamisha kutoka kitanda namba kumi na tisa kwenda namba moja, kando ya meza ya muuguzi. Hata hawajamaliza kusalimiana, akatolewa nje, daktari anapita. Angekunywa kikombe kimoja na kurudi, kama si lile tangazo.

Tangazo lilibandikwa langoni. Daktari Reverien Nsabimana, aliyetoka Dar es Salaam, alikuwa na miezi minane pale akifanya utafiti juu ya wagonjwa wanaozidiwa ghafla wakiwa tayari wodini: wangapi, saa ngapi, nani aliwaona kwanza, na wangapi walirudishiwa pumzi. Karani aliyekitafsiri kichwa cha habari alikuwa mtu wa kufupisha mambo. Aliandika: WALIOKUFA NA KUFUFULIWA WODINI. Chini yake zilifuata hesabu za kila kitanda. Wodi ya wanawake, kitanda namba moja: kumi na wanne, waliofufuliwa watano. Hakuna kitanda kingine kilichozidi watatu.

Hamis alilisoma mara mbili kwa sauti, kama hakimu asomaye hukumu.

— Kumi na wanne, Pasikali. Toa watano. Wamebaki wangapi?

— Tisa, akasema Pasikali.

— Na wewe mkeo wamemlaza wapi?

Pasikali akageuka kulitazama lango. Omary akammiminia kahawa ambayo hakuiomba.

Kwanza walikubaliana kwamba kitanda kile kimekaa vibaya, karibu na mlango, kikipigwa na baridi ya milimani. Maelezo hayo yaliwatosha kwa muda wa nusu kikombe. Kisha Omary akakumbuka kusikia kwamba chuma cha vitanda vile kilitoka katika jela ya Mjerumani, na kwamba kitanda namba moja ndicho kilichobeba pingu. Hamis hakuikana jela, ila alisema tatizo si kitanda, ni meza. Muuguzi anaandika kutwa kucha. Mgonjwa aliye karibu ndiye anayeandikwa zaidi, na mtu akishaandikwa sana serikalini hana maisha marefu. Mfano alikuwa nao: marehemu baba yake aliandikwa mara tatu katika mwaka mmoja wa kuhamia kijijini, na mara ya nne hakuiona.

Pasikali alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kulikuwa na jambo lililomjia na kuondoka. Kwenye kibanda chake, baiskeli iliyovunjika vibaya kuliko zote huiweka miguuni pake, ili asiisahau. Mtu angehesabu, angekuta kwamba pale miguuni pake ndipo baiskeli nyingi zinapofia. Lakini wazo hilo lilikuwa la kawaida mno kusemwa mbele ya watu wenye mawazo makubwa, akalimeza pamoja na kahawa.

— Mimi naliangalia neno lenyewe, akasema Kipriani. Wamefufuliwa. Karani hakusema wamezinduliwa, wala hakusema wameamshwa. Mtu hafufuliwi asipokufa kwanza.

— Tena limegongwa mhuri, akaongeza Omary.

— Ndiyo, limegongwa mhuri. Sasa, Pasikali, mimi ndiye niliyekufundisha kwa ajili ya ndoa yako. Mliapa nini kanisani?

— Kwamba tutakaa pamoja.

— Mpaka lini?

Pasikali akamtazama.

— Mpaka kifo, akamalizia Kipriani kwa upole. Na kifo kimetokea, jana saa tisa na nusu. Kwa maana hiyo wewe ni mgane. Yule aliyeko mle ndani ni mwanamke mwema, simsemi vibaya, lakini padri itabidi aulizwe.

Omary alikataa kutoa hukumu kwa upande wa dini yake. Alisema ingebidi apeleke barua Ujiji kuuliza kama mtu aliyekufa dakika tatu anakaliwa matanga dakika tatu, au anakaliwa siku zote tatu na yeye mwenyewe akiwapo, akipika.

Hamis hakupenda mazungumzo yamtoke mikononi na kuangukia dini. Akaeleza habari za ule mfuko. Yeye aliujua, alikuwa ameufuta vumbi mwaka 1969. Ule mfuko hauna hewa yake wenyewe, alisema, unashika ile iliyobaki. Na Jumatatu, katika wodi ya wanaume, ulitumiwa kwa mzee mmoja wa Gwarama, wala mzee hakurudi. Pumzi yake ilikwenda wapi?

— Imo mle mle mfukoni, akajijibu. Jana imeingizwa kwa shemeji. Mchunguze, bwana. Akianza kuulizia ugoro, ujue.

Walicheka, na hata Pasikali alicheka kidogo. Kisha akaona aibu. Asubuhi ile Epifania hakuulizia kitu. Alimshika kidole kimoja tu, akawa anavuta hewa kama mtu anayevuta kamba kisimani.

Baada ya hapo Hamis alishusha sauti, ishara kwamba sasa anasema kweli. Alisema mtu hatoki Dar es Salaam, penye umeme na samaki wa kuchagua, akaja kukaa miezi minane Kibondo kwa kupenda afya za Waha. Daktari anatafuta cheo. Cheo kinahitaji fomu. Fomu inahitaji watu wa kuzidiwa. Wasipozidiwa, fomu zinabaki tupu na daktari anarudi mikono mitupu. Ndiyo maana kikawekwa kitanda namba moja.

— Ni shamba lake lile, alisema. Mkeo amepandwa jana. Leo au kesho anavunwa.

Hakuna aliyecheka safari hii. Omary alisema taratibu kwamba angalau nyumbani mtu hufia mbele ya watu wake, na Kipriani akaitikia kwa kichwa. Kumbe Hamis alikuwa ameshapanga kila kitu. Lori la ushirika lingeondoka saa sita kwenda Kitahana, alikuwa amekwisha kuongea na dereva, na nafasi ya mtu mmoja kulala juu ya magunia ilikuwapo. Kilichobaki ni mume kuingia ndani na kusema anamchukua mgonjwa wake. Hakuna mwenye mamlaka ya kumzuia.

Pasikali alilitazama jua. Ilikuwa inakaribia saa tano. Kutoka hospitalini hadi nyumbani kwake, kwa barabara ile, lori hutumia saa mbili ikiwa mvua haijanyesha, na jana ilinyesha.

— Basi, akasema. Nitamchukua.

— Sasa umeongea kiume, akasema Hamis.

Wakati huo mwanamke mmoja alitoka langoni na furushi kichwani, akimwongoza bibi kizee aliyeshika fimbo. Aliitwa Niyonsaba, mmoja wa wale waliovuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972 na kupewa shamba njia ya Kitahana. Alimketisha mama yake kwenye ukingo wa benchi bila kumwomba mtu ruhusa, Omary akajikuta anasogea.

— Mume wa Epifania ni yupi hapa? aliuliza.

Pasikali akasema ni yeye.

— Mwakeye, baba, akamsalimu kwa Kirundi. Mimi ndiye niliyemwona mkeo jana.

Alieleza kwa ufupi. Alikuwa akimlisha mama yake uji katika kitanda cha kumi na nane, akageuka, akaona midomo ya jirani imekuwa rangi ya majivu na kifua kimesimama. Muuguzi alikuwa mwisho kabisa wa wodi na sindano zake. Niyonsaba alipiga kelele kwa Kirundi, kwa kuwa Kiswahili kilimkimbia, lakini kelele zilieleweka, muuguzi akafika na mfuko. Leo wamemsogeza Epifania mbele ili aonekane upesi. Wote walio katika hali mbaya husogezwa pale.

Hamis alianza kueleza habari za meza.

— Lakini muuguzi hakai pale mezani, akaendelea Niyonsaba. Yuko mmoja, na wagonjwa ni thelathini na mmoja. Mimi mama yangu ameruhusiwa, twaondoka. Nataka kujua, nani atakaa naye?

Wanaume wanne walikuwapo pale, na kila mmoja aliwatazama wengine watatu. Omary alifunua birika akachungulia ndani yake. Kipriani alitafuta fungu, na kwa mara ya kwanza tangu apewe jina lile hakulipata. Hamis, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu mwaka 1969, alisema kwamba dada wa mgonjwa, Winifrida, anategemewa kesho.

— Mimi nimeuliza leo, akasema Niyonsaba.

Alisema bila ukali, kama mtu anayeuliza njia, akangoja. Bibi kizee naye akawatazama, mmoja baada ya mwingine, akafika mwisho wa benchi na kuanza upya.

Pasikali alirudisha kikombe, akasimama, akajikung'uta suruali. Alimwambia Hamis nafasi ile ya kwenye lori ampe bibi.

— Unakwenda wapi? akauliza Hamis. Bwana we, mwanamume hakai wodi ya wanawake.

— Basi nitasimama, akasema Pasikali, akavuka barabara.