Madaftari Kumi na Moja ya Mubin

Sogeeni, nyote wawili, na wewe Adib usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia. Nyumba hii ndimo ulimotambaa, njoo uketi hapa miguuni pangu, na Sumeiya keti huku kichwani, na Leah mwanangu, wewe unayenitunza, nifanyie hisani uniinulie mto kidogo kisha uzime hiyo televisheni, maana leo anayesema ni mimi. Alasiri imeshaswaliwa, dawa nimekunywa, akili zangu ni timamu, na ninayoyasema leo asije mmoja wenu kesho akasema Mama alikuwa akiweweseka. Najua hamjakaa chumba kimoja miaka miwili. Mtakaa leo.

Mali yangu haina haja ya kadhi kusumbuka. Nyumba hii ya Karama ni ya kupanga, mwenyewe mnamjua. Bangili zangu sita, tatu za Sumeiya, mbili za mkeo Adib, na moja nampa Leah, na asije mtu akamtazama kwa jicho la pembeni, kwa sababu ninyi mlikuwa mna kazi zenu na aliyenigeuza kitandani ni huyu. Mashine ya kushona atapewa mwenye haja nayo. Khalas, hayo yamekwisha. Sasa nataka niwaambie mlichorithi, na ili mkijue kwanza lazima mjue mmerithi kwa nani, kwa sababu ninyi mlimjua baba tu, mtu wa kuwapeleka shule na kulalamika chumvi imezidi, na mimi nilimjua Mubin Hazarika.

Mumjue hivi. Baba yenu alitoka kwao Assam, kwenye mto mkubwa unaokula visiwa vyake mwenyewe, hata mtu analala na shamba na kuamka hana. Alipokuwa na miaka kumi na tisa alijiunga na kikundi cha michezo kinachozunguka vijijini na jukwaa lake juu ya malori, leo hapa kesho kule, akawa mbeba taa. Mbeba taa, nasema, si mwigizaji! Na huko kwenye kushika taa ndiko alikojifunza kutazama nyuso za watu. Ishirini na tisa akatoa riwaya yake ya kwanza, *Kisiwa Kinachohama* ukiitamka kwa lugha yetu, na kwao wakaisoma mpaka nakala zikararuka. Baada ya hapo filamu mbili, zote kwa Kiassam, zote mtoni, na kila filamu siku ya kwanza ya kazi alikuwa akimvisha kila mtu gamosa shingoni, kile kitambaa cheupe chenye pindo nyekundu ambacho kwao ndicho heshima ya juu kumpa mtu, na alikuwa akianzia kwa mpishi na kumalizia kwa mwigizaji mkuu, wala hakuwahi kugeuza mpangilio huo, na waigizaji wakubwa wakanuna wakakinai.

Ya tatu ndiyo iliyomleta huku. Mwenye kuigharimia alikimbia, kamera zikarudishwa, na Mubin akaja Dubai kwa miezi sita kupiga picha za arusi na ufunguzi wa mahoteli, apate cha kumalizia. Miezi sita hiyo mnaijua ilivyokuwa. Lakini sikilizeni alivyofanya mtu huyu. Kila mwaka arbab, tajiri wake wa kazi, akimpa likizo ya mwezi mmoja, wenziwe wanakwenda kujenga nyumba na kuoa, yeye anakwenda kupiga kipande cha filamu. Mwezi mmoja kila mwaka, miaka tisa! Mwanamke yule yule, anavuka mto ule ule, na hakuna aliyempaka unga kichwani aonekane mzee. Alizeeka kweli, mbele ya kamera, likizo kwa likizo. Filamu ilipotoka watu wa kwao walisimama ukumbini wakakataa kwenda nyumbani, na yeye Jumamosi yake alikuwa tayari amerudi huku anapiga picha za keki kwenye hoteli ya Garhoud, na hakumwambia mtu hata mmoja pale kazini. Mimi ndiye niliyewaambia. Nilikwenda mwenyewe na gazeti mkononi, nikamwonyesha arbab picha ya mume wangu, nikamwambia, "Sir, huyu mtu wako wa keki." Ninajisikia vizuri mpaka leo.

Babu yenu Sowedi, Mungu amrehemu, alinikatalia. Alikuwa na duka lake hapa, mtu wa Mombasa wa kujiheshimu, akaniuliza, "Khairunisa, mtu wa kamera atakulisha picha?" Nikamjibu kwamba amenipa kitabu. Akasema, kitabu chenyewe huwezi kukisoma. Ni kweli, sikuweza. Nimeishi na mwandishi miaka thelathini na mitano na sijasoma riwaya yake hata moja, kwa sababu Kiassam changu ni cha jikoni, njoo ule, samaki ameungua, mtoto ana homa. Lilikuwa likiniuma hilo. Sikupata kumwambia.

Sasa mje kwenye miaka yake ya mwisho, alipopofuka. Mlikuwa mkija siku za Ijumaa mnamkuta kwenye kiti chake, mnamsikitikia, mnaondoka, na mkidhani anasubiri mauti. Hakuwa akisubiri kitu. Alikuwa akiandika riwaya yake ya sita, na mwandishi wake ni mimi.

Ee, mimi. Nilimwambia tutumie simu, azungumze nayo, akajaribu siku mbili akaacha, akasema akijua mashine inamsikiliza anaanza kujionyesha, lakini akisikia kalamu inakwenda kwenye karatasi ndiyo anajua neno limeshasemwa na anaweza kwenda kwa jingine. Herufi za kwao mimi sizijui, zile zinazoning'inia kwenye mstari. Za kizungu hazikutosha, kila neno likatoka kilema. Basi nikachukua khati ya Kiarabu, ile aliyonifunza nyanya yangu ya kuandikia barua na tenzi za Kiswahili, nami nikakufunza wewe Sumeiya ukiwa na miaka minane ukalia, nikaanza kuandika sauti ya mume wangu kama inavyotoka kinywani. Na mngeona inavyokaa! Wana kh yao moja ya kooni, na sisi tunayo, imekaa kwenye karatasi kama iliyozaliwa pale. Kila siku baada ya adhuhuri, miaka mitatu, madaftari kumi na moja, nusu ya maneno siyajui maana yake, lakini sikuruka hata moja. Yeye alikuwa akinisomesha nimrudie, na nikimrudia alikuwa akipiga goti kwa furaha. Mimi, binti Sowedi wa duka la vitambaa, nimeandika riwaya nzima kwa lugha ya watu.

Leah, maji kidogo. Basi, yatosha.

Mtauliza mbona sikusema. Nitakiri, na kukiri kwenyewe kunaniwia kuzito. Baba yenu alipofariki, Adib, haikupita hata edda yangu, ukaweka sahihi kampuni ya kuonyesha filamu ikate dakika arobaini kwenye filamu yake ya likizo, ukasema ndivyo watu wa sasa wanavyotazama, ukasema bora ionekane imekatwa kuliko ikae kabatini nzima. Miaka minne ya likizo ya baba yako, umeitoa kwa sahihi moja. Sumeiya akakutukana mbele ya watu, akasema wewe si mtoto wa Mubin, neno ambalo Sumeiya hukuwa na haki ya kulisema, ulikosea, na ulijua unakosea. Na mimi niliyekuwa mama sikuwapatanisha, nikayasukuma madaftari chini ya kitanda, nikasema moyoni, huyu aliyekata filamu hatagusa kitabu. Ilikuwa chuki, wanangu. Msiniitie jina jingine. Nimeswali juu ya chuki hiyo miaka miwili.

Hata wiki iliyopita Mungu akanifedhehesha. Sumeiya ukaja kunisafishia chumba, ukavuta yaliyo chini ya kitanda, ukakuta juzuu zangu kuukuu na madaftari yamejaa herufi za Kiarabu, na wewe kwa adabu uliyolelewa nayo ukasema maandishi haya hayatupwi jaani, ukayafunga yote kwenye mfuko ukayapeleka msikitini kwenye sanduku la misahafu iliyochakaa, yakazikwe kwa heshima. Sikulaumu! Mtoto wa nyumba nyingine yoyote angeyatia kwenye takataka. Nilipoinama nikaona sakafu tupu nilipiga ukelele Leah akadhani nimefariki. Siku mbili sikula. Siku ya tatu akabisha mlango Mzee Ubeid mwadhini, mtu wa Unguja, mfuko mkononi, akasema, "Bi Khairunisa, jina lako limo ndani ya jalada. Nimesoma kurasa tatu, herufi nazijua zote, neno silijui hata moja. Nikasema haya ama ni ya majini ama ni ya mumeo." Nimecheka, nimelia. Siku moja zaidi na gari la kuyachukua lilikuwa linakuja.

Ndipo nikaelewa ninachokufa nacho. Kule Guwahati, mjini kwao, yuko mhariri wake anayeijua lugha lakini herufi hizi hatazifumbua. Hapa wako wanaozijua herufi na lugha hawana. Mimi nimeanza kusoma kwa sauti na pumzi zinaniishia kwenye ukurasa wa pili. Sumeiya, wewe khati unaijua na Kiassam ulikikataa tangu utotoni. Adib, baba yako alisema nawe Kiassam tangu siku uliyozaliwa na akakufunza herufi zake, lakini khati ulimkimbia mwalimu. Mnanielewa? Hakuna hata mmoja wenu anayeweza kuisoma peke yake. Sumeiya atasoma kwa sauti, Adib utasikiliza, utayaandika upya kwa herufi za kwao. Huko kazini kwako Marina omba ruhusa ya siku unazoweza, na mkutane hapa, kwenye meza ile. Hamtakata kitu. Hata akijirudia, mwacheni ajirudie. Mkimaliza, madaftari yafungeni kwa gamosa yake ile ya mwisho, iko kabatini, nimeifua mwenyewe.

Mimi mnizike hapahapa karibu naye, msinihangaishe na ndege. Radhi zangu mnazo nyote wawili, sawasawa, hakuna aliyepunjwa, na Mungu awape watoto wenye ukaidi wa babu yao. Adib, nimekusamehe. Na wewe nisamehe.

Sasa... Sumeiya, fungua la kwanza. Mstari mmoja tu, niusikie. Polepole. Usione haya, hata mimi nilikuwa nikiona haya.

Naam.

Mbona umeinama, Adib? Hakusikia, Sumeiya, mrudie. Haa, amesikia. Usifiche uso, mwanangu, mwambie nduguyo baba yenu anasema nini. Ni maneno ya kitabuni, mimi hayo sikuyapata kamwe. Sema kwa Kiswahili. Sema kwa nguvu, masikio yangu yanakwenda mbali.

"Mwenye kuniandikia hajui ninachosema, basi nitakwenda taratibu, nisije nikamwacha nyuma."

Ndivyo alivyosema? Siku ile ya kwanza? Nami nilimuuliza, niendelee? Akacheka, sikujua anacheka nini... Mtu huyu. Nimelala juu ya maneno hayo, na mwandiko ni wangu. Subhanallah.

La, sitaki maji. Adib, sogea upande wa dada yako, huko huwezi kusikia. Karibu zaidi. Msinitazame mimi, tazameni daftari.

Mstari wa pili.