Mama Zamu, Mlezi wa Makao ya Wazee

Ndugu, jamaa na majirani mliofika, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Zamu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa kifungua mimba wa fundi cherehani na mkewe, akasoma hadi kidato cha nne, na mwaka 1978 akahitimu uuguzi msaidizi, chuoni wakimkumbuka kwa kicheko kilichosikika hadi getini.

Tarehe 2 Januari 1979 aliajiriwa katika makao ya wazee ya serikali, akiwaosha, akiwalisha na kuwageuza wasiojiweza, na kwa kuwa hakuondoka mpaka wa kumpokea zamu afike, wazee wenyewe wakampa jina hilo la Mama Zamu. Tusidanganyane, paa lilivuja na dawa zilichelewa, lakini hakuna mzee aliyetolewa nje.

Mwaka 1983 aliolewa na dereva wa manispaa, aliyefariki 2009, wakajaliwa binti mmoja, ambaye yuko nasi hapa.

Mwezi Machi 2012 serikali ilikabidhi makao kwa kampuni, kuta zikapakwa rangi, vitanda vipya vikaja, na dada yetu alishangilia kuliko sote, kisha wazee wasio na ndugu wa kuwalipia wakaanza kuondolewa mmoja mmoja. Alipoagizwa kumvalisha viatu Bibi Redio, kikongwe asiyeona, mpenda maneno, alimuuliza meneja, "Anapelekwa wapi?" naye akamjibu, "Mama, asiyelipiwa ni wa serikali." Akamshika bibi mkono hadi ustawi wa jamii, wakamwambia, "Makao sasa ni ya kampuni, mrudishe huko huko." Akamleta nyumbani kwake, na wiki iliyofuata akaachishwa kazi.

Miaka saba alibisha hodi milango yote miwili, wa kampuni na wa serikali, akipigwa danadana, hata kampuni ilipofunga virago mwaka 2019 na jengo kurudi serikalini, akaenda mbio akiwa na matumaini, akakuta wodi zimegeuzwa ofisi za leseni. Kicheko chake hatukukisikia tena.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akalazwa mara kwa mara, na alfajiri ya tarehe 14 Agosti 2023 alimuuliza binti yake, "Bibi amekula?" akaambiwa amekula, akafumba macho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa zamani waliomfulia mashuka, na majirani waliopika na kukesha nasi.

Bibi Redio ndiye huyo aliyeketi karibu na jeneza. Jana ukoo ulikaa kikao, kila mmoja akaeleza chumba chake na watoto wake, binti wa marehemu akalia, mimi pia nikaeleza changu, tukaagana bila kupata pa kumpeleka, naye alikuwa chumba cha pili akitusikia.

Pumzika, dada, kwa amani ambayo sisi hatukuweza kukupa.