Mifarishi ya Bibi Kiraka

Mheshimiwa Meya, mgeni wetu rasmi. Mkutubi Mkuu, mwenyeji wetu hapa maktabani. Viongozi wa dini. Ndugu na jamaa mliotuletea mifarishi yenu. Na wewe, Mama, uliyeniambia hotuba ikirefuka utasinzia: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni mkaza mwana wa huyu mnayemwita Bibi Kiraka. Ukuta ulio nyuma yangu umefunikwa na kazi ya mikono yake: mifarishi, yale mashuka mazito ya viraka, kila mmoja umeshonwa kwa nguo za mtu aliyetutoka. Hapo kuna gauni la mwalimu. Kuna ovaroli ya fundi bomba, yenye doa la rangi lililoshinda kila sabuni. Mlikuja na mifuko yenu, mkakaa kwenye benchi lake, mkalia, naye akawauliza swali moja tu: “Alikuwa analalia upande gani?” Upande huo ndipo alipoweka nguo mliyoipenda zaidi.

Mnajua alivyoshona ya kwenu. Naomba niwaeleze ulivyoshonwa wa kwetu.

Mume wangu, mwanawe wa pekee, alikuwa dereva wa lori. Alitoka asubuhi akinung’unika kwamba chai haina sukari, na hakurudi. Msiba ulipokwisha, Mama aliingia chumbani kwangu na kapu.

“Mwanangu, nipe mashati yake.”

Nikasimama mbele ya kabati. “Haya hayakatwi, Mama.”

“Yataliwa na nondo.”

“Na yaliwe! Nondo hawana mkasi.”

Akageuka, akaenda zake. Tangu hapo tuliishi nyumba moja kama wapangaji wawili: tukipishana koridoni, tukipakuliana chakula, salamu zikiishia mdomoni. Nani kati yetu alikuwa na haki, ndugu zangu? Aliyemzaa, au aliyeolewa naye? Mpaka leo sijui, na nimeacha kutafuta.

Alasiri moja nilimkosa binti yangu, wakati huo hata shule hajaanza. Nilimkuta ndani ya kabati, amejikunja, shati moja amelivuta likaanguka na henga yake.

“Unafanya nini humu?”

“Baba ananifunika.”

Niliyakumbatia mashati yote, nikampelekea Mama kwenye cherehani. Hakusema “nilikwambia.” Alilitandaza la kwanza mezani, lile la mistari ya buluu, akashika mkasi, na mkono ukagoma. Mikono iliyokata nguo za mji mzima ikashindwa na kola moja.

“Siwezi,” akasema. “Huyu nimemvika mwenyewe, tangu nepi.”

Basi nikakata mimi, akashona yeye. Tulilia sana. Tulicheka pia, maana mifukoni tulikuta vijiti vya meno vya kutosha kujenga uzio.

Ndugu wageni waalikwa, macho ya Mama sasa yamezimika, na cherehani imefunikwa. Mkutubi alipotuomba tuitundike kazi yake hapa, wengi wenu mlikataa. Mlisema mfarishi ni wa kumfunika mtu, ukuta hausikii baridi. Mlisema kweli, Mama naye alisema hivyo hivyo. Mkutubi akafikiri, akajibu: “Basi tusipige misumari.” Ndiyo maana kila mfarishi umening’inia kwa vitanzi. Atakayemkumbuka mtu wake aje, auteremshe, akalale nao, aurudishe atakapokuwa tayari. Hataulizwa neno. Mheshimiwa Meya, siku ukipita hapa ukaona pengo, usidhani tumeibiwa. Ujue kuna mtu mahali fulani amefunikwa.

Wa kwetu ule pale mwisho. Binti yangu ameuleta mwenyewe leo, na ameniagiza niseme wazi kwamba ameuazimisha, hajautoa.

Mama hawezi kuiona mifarishi hii, kwa hiyo imetundikwa chini, usawa wa mkono wake. Kabla ya kukata utepe, kabla ya picha, naomba tusimame, tumpishe apite akiisoma kwa vidole. Anaijua yote. Atakapomtaja mtu wenu, tafadhali msikae kimya: itikieni kwa niaba yake.

Kwa masikio yenu na subira yenu, nawashukuru sana. Mama, inuka. Nishike mkono.