Maharage ya Mzee Diara

Sikilizeni wanangu. Seif, zima hiyo televisheni, na wewe Ummi sogea hapa kitandani nisipaze sauti. Najua kunijibu kwa Kiswahili kunawashinda, lakini kusikia mnasikia.

Nyumba hii ya Malvern, huku ugenini, ni yenu wawili, na cherehani za baba yenu msiziuze. Linalonikaa rohoni ni Mzee Diara.

Mlikuwa wadogo, mnakumbuka tu kwamba siku ya maziko ya baba yenu nilimmwagia mtu maji. Ni yeye. Alisimama mlangoni akazuia jeneza, akasema, "Huyu Traore mla maharage hatoki hapa. Nani kamruhusu mtumwa wangu afe?" Nikaona ananidhalilisha mbele za watu, nikamfukuza, na huu mwaka wa kumi na moja nikipita dukani kwake Jules Street nageuza uso.

Na utani wao niliujua. Kila Ijumaa alileta vitambaa vyake kushonewa, wakanywa chai chungu ya kwao, mizunguko mitatu, wakitukanana, baba yenu akicheka mpaka machozi. Ah, nyumba hii ilikuwa na raha. Baba yenu aliniambia koo za Traore na Diara zimewekewa utani huo tangu enzi za dola la Mali, mababu walipochoka kuchinjana, kwa kuwa mtu anayekutukana kila siku ukacheka hutamwinulia panga. Mimi niliyekimbia Burundi majirani wakiuana ningelielewa hilo kuliko wote. Lakini kwetu Buyenzi msiba ni kilio, nikadhani kifo kinafuta utani. Juzi tu yule mama wa Bamako anayenisuka ameniambia mtani ndiye wa kwanza kuitwa msibani, na asipokuwepo marehemu amezikwa bila ndugu. Nimemzika baba yenu hivyo, wanangu, kwa mikono yangu.

Ummi, kesho pika maharage, sufuria nzima, Seif umpelekee. Usimwombe msamaha, huo ni wangu. Mwambie, "Diara mla maharage, chakula chako hiki." Akikutukana, cheka. Akinyamaza, mwambie mama anaumwa, anamngoja.

Na siku yangu ikifika, akisimama mlangoni msimwondoe, hata mashehe wakinuna. Mwacheni aseme yote, yangu na ya baba yenu.

Nipe maji, Ummi... basi, yanatosha. Mungu awape majirani wa kuwatukana mkacheka. Awaweke pamoja... Nimechoka sasa. Hayo maharage yaive sana, mwanangu. Yule mzee hana meno siku hizi.