Mkakati wa Kutoka

Benchi la Hawah muuza kahawa liko mkabala na gereji mjini Koboko, na wanaolikalia wameshatatua shida zote za dunia isipokuwa zao. Asubuhi hiyo walikuwa na kazi ya kweli. Fadhul, katibu wa kikundi chao cha misitu na nyuki, alikuwa na fomu ya kuomba ufadhili, na gari la saa sita ndilo lingeipeleka Arua. Mwaka jana walikataliwa, na Fadhul aliumia sana. Mti ambao baba yake alitundikia mizinga ulishageuka makaa, naye alitaka kuiona miti ikirudi kabla hajafa. Lilibaki swali moja la Kiingereza, akawatafsiria.

— “Elezeni mkakati wenu wa kutoka.”

Wafadhili walitaka kujua kikundi kitajitegemeaje msaada ukiisha, lakini maana hiyo haikufika benchini. Nasur, aitwaye Kamanda kwa sababu ya babu yake sajini, aliweka kikombe chini.

— Mkakati? Hiyo neno ya jeshi. Andika: tunatoka mapema, kikosi moja inapita mpaka ya Oraba, ingine upande ya Congo.

— Tunakimbia nani, Kamanda? akauliza Fadhul.

— Fomu haikuuliza nani. Na wazee walisema, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Basi tunatoka tumeinama.

Akram, aliyebatizwa Wakili tangu awe shahidi wa kesi ya mbuzi, hakuridhika.

— Hapana! Yenye inatoka ni nyuki. Andika: fuata nyuki ule asali. Ikivuka mpaka, sisi nyuma.

— Bila paspoti? akauliza Fadhul.

— Mutu anauliza nyuki paspoti?

— Basi nyuki ilinde njia nyuma yetu, Kamanda akadakia. Kwani mzinga si silaha? Hata Kiswahili inajua!

Fadhul alicheka, na Mungu amsamehe, aliandika.

Hapo akafika Rosa Kiden, mama kutoka Logiri aliyekuja kumtembelea binti yake. Aliagiza kahawa. Hawah akatia mkono katika sanduku la mbao la manjano, akatoa makaa ya kuongeza jikoni.

— Dada, hiyo si mzinga ya nyuki? Rosa akauliza.

— Iko mzinga. Ya kikundi hii. Mradi ya zamani ilileta, Katibu akanipa niweke makaa.

— Aa. Na nyuki yake ilitoka lini?

Kamanda akageukia gereji. Wakili akakoroga kikombe kitupu. Fadhul aliona aibu hadi masikio yakamwaka, maana mizinga mingine mitano ilikuwa nyumbani kwake, kuku wakiatamia ndani.

Gari la Arua likapiga honi. Fadhul akalikata jibu, akakunja fomu na kuitia mfukoni, gari likaondoka bila yake; akamwaga makaa kwenye gunia, akajitwika mzinga begani, vumbi jeusi likimchafua kanzu.

— Katibu! Na kutoka je? Tuandike nini? Kamanda akamwita.

— Ngojeni kwanza tuingie.