Verlin Hostetler na Neno Pumziko

Verlin Hostetler ameandika miswada ya Bunge la jimbo letu kwa miaka thelathini na mmoja, na Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, anastaafu. Nimeombwa niandike mimi, Lavonne Pruitt wa kantini, kwa kuwa supu yake nimeipika miaka yote hiyo. Shule niliishia darasa la nane. Anayetaka maneno laini akawaulize mawakili.

Alikuja kijana mwembamba kutoka mashambani, tai ya babake shingoni. Koma zake hazijawahi kubishaniwa mahakamani. Siku moja alinirudishia orodha yangu ya vyakula ameisahihisha kwa wino mwekundu. Nilimnyima mkate wa mahindi wiki nzima.

Kilichomkaa moyoni ni sheria ya bidhaa mbovu. Kwetu, mashine ikishafikisha miaka kumi na miwili tangu iuzwe, aliyeitengeneza hashtakiwi tena, hata ikikuua. Mawakili huuita ukomo huo pumziko. Verlin aliandika mswada wa kuliondoa mara tisa, kila mara mbunge alipomwomba. Mara tisa ulifia kwenye kamati. Alikuwa akija kantini na kusema, "Bi Lavonne, tumezika tena."

Mara ya kumi aliyeagiza alikuwa mbunge wa watu wa viwanda. Hao walitaka pumziko lianze mapema, miaka kumi tu. Verlin akaandika. Nilipomsema alinijibu, "Mimi kalamu tu, Bi Lavonne. Kalamu haichagui." Nikamwambia kalamu hainywi supu.

Huo ulipita. Sheria ilianza tarehe mosi Julai. Agosti, mashine ya kusaga nyama buchani ilimla binti yangu Rhonda vidole vinne vya mkono wa kulia. Kinga ya mashine hiyo, ile ya kuzuia mikono, ilitoka kiwandani mbovu. Mashine ilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Verlin mwenyewe alikuja kunisomea kifungu cha sheria hiyo, kofia mkononi. Alikitafutia upenyo siku tatu, hakuuona. Mtu huyu hajaacha upenyo maishani mwake.

Asante, Verlin, kwa kuja. Wengine walituletea barua. Mswada wa kumi na moja, wa kuliondoa pumziko hilo, hakuna aliyeuagiza, nami nimeacha kuuliza. Kiwanda kimeshapumzika. Rhonda anajifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto. Nenda kavue samaki wako, mwanangu, nami nakutakia pumziko jema, ukilipata.